Mkono Juu ya Mbao

Kanyiva alipofika mjini hasira zilikuwa zimempanda mpaka masikio yanavuma. Alikuwa ametembea kwa miguu kutoka Muthangari, kwa sababu basi la Westlands lilikuja limejaa na utingo akamwambia angoje la pili. Angoje! Mwanamke aliyeolewa na Mwololo haambiwi neno hilo. Tangu aolewe hakuwa amefanya kazi nyingine ila kungoja.

Ilikuwa Jumamosi, mwaka wa hamsini na sita. Mchana wa siku hiyo baba yake, mzee Kivuva, angefika Muthangari kutoka Mitaboni, yeye na mkewe Syokau, wakiongozwa na ami yake Kanyiva, Makau, aliyekuwa mfanyakazi wa reli. Hawakuwa wanakuja kumjulia hali. Ujumbe ulikuwa umetangulia, tena haukuzunguka: wakifika wamkute mkwe wao ameketi nyumbani, naye aombe radhi kwa kinywa chake. Wasipomkuta, Kanyiva afunge mzigo, ampakate mtoto wao Kalekye, waondoke naye, na habari ya ndoa iishe.

Kosa lenyewe lilikuwa la mwezi uliopita. Siku zile za Hali ya Hatari, mtu mgeni hakutembea Nairobi bila barua ya kuonyesha anakwenda kwa nani. Mzee Kivuva alikuja kumwona mjukuu wake, na Mwololo ndiye aliyekuwa na barua mfukoni, ampokee mzee kwenye mabasi ya Machakos. Mwololo alikuwa fundi seremala katika karakana ya Mhindi mmoja nyuma ya River Road. Asubuhi ile akasema atamalizia droo moja tu, halafu aende. Droo ikamla. Mzee akasimama juani na kikapu cha maembe mpaka askari wakamwona, wakamuuliza barua, naye hakuwa nayo. Akalala kituoni kwenye sementi pamoja na wezi wa mifukoni, yeye mzee wa kanisa, koti lake la Jumapili likiwa ndilo mto wake. Maembe hakuyaona tena.

Laiti Mwololo angekuwa mlevi! Mke wa mlevi huonewa huruma, watu humletea uji na maneno mazuri. Laiti angekuwa na mwanamke mwingine, Kanyiva angejua mlango wa kwenda kupigia kelele. Lakini utakwenda kumpigia kelele nani, ikiwa mumeo ameibwa na kabati?

Asubuhi ya Jumamosi hiyo alikuwa amemshika mumewe shati kabla hajatoka.

"Leo?"

"Leo."

"Kengele ya kufunga kazi ikilia?"

"Ikilia natoka. Kanyiva, mimi si mtoto."

Na sasa kengele ilikuwa imekwisha kulia. Mafundi walikuwa wanatoka karakana wakikung'uta vumbi la mbao kwenye nywele, wakienda zao kula. Kanyiva aliwatazama mmoja mmoja. Mwololo hakuwamo.

Aliingia mpaka mlangoni. Ndani hapakuwa na mtu ila Shem, fundi kutoka Bunyore aliyekuwa akikusanya misumeno, na huko mwisho, karibu na dirisha, Mwololo ameinama juu ya ubao mrefu. Alikuwa anaupiga randa. Randa ilikwenda ikirudi, maranda yakijikunja na kuanguka miguuni pake.

"Baba Kalekye!"

"Naam, naja," alijibu Mwololo. Randa haikusimama.

Ilikuwa ndiyo "naja" ile ile. Kanyiva aliijua kama anavyoujua mlio wa sufuria zake. Alikuwa ameisikia maharagwe yakiungua mbele ya mumewe mpaka yakawa makaa. Aliisikia mtoto akilia, mvua ikinyeshea nguo, mchungaji akiwa amesimama mlangoni. Kila mara alijibiwa hivyo, na kila mara hakuja mtu. Kwa hiyo alikuwa amemwita mwongo. Alimwita mwongo mbele ya majirani, tena hakujuta.

"Baba Kalekye, wazee wanafika!"

"Naja."

Ikamjia hasira ya kutaka kuvunja kitu. Akapaza sauti, akasema jambo la kwanza lililomjia: "Nyumba yetu inawaka moto!"

"Naja, naja."

"Mimi mwenyewe nimekufa!"

"Sawa," alisema Mwololo kwa upole, akafumba jicho moja kuupima ubao. "Naja sasa hivi."

Shem aliketi kwenye maranda akacheka mpaka akashika mbavu. "Shemeji, pole! Hata ufe mara ya pili utaambiwa anakuja. Huyo hayuko."

"Hayuko vipi na anajibu?"

"Mdomo ndio unajibu. Mwenyewe amekwenda."

Kanyiva alisogea hatua moja. Alimtazama mumewe vizuri, kwa mara ya kwanza bila kumtazama kama mshtakiwa. Jasho lilikuwa linamdondoka puani na hakulifuta. Nzi alikuwa ametua sikioni na hakumfukuza. Uso wenyewe haukuwa na ujanja hata kidogo. Mtu anayekudharau hujua uko pale, ndiyo maana dharau yake inauma. Huyu alikuwa hajui kama kuna mtu duniani. Kumbe miaka yote ile alikuwa anaugombeza mdomo, na mdomo wenyewe hauna habari!

Jambo hilo halikumtuliza. Lilimzidishia hasira, maana sasa hakujua pa kuiweka.

"Na ninyi mnamfanyaje hapa?" aliuliza. "Au mnamfungia ndani mnaenda?"

"Zamani tulimwita kama wewe. Tajiri mwenye karakana akamrushia vipande vya mbao mpaka akachoka. Sasa hatumwiti. Nenda uweke mkono juu ya ubao, pale mbele ya randa. Polepole, usije ukaacha kidole."

"Basi?"

"Basi. Ukiugusa ubao umemgusa yeye."

Kanyiva alikwenda, akaweka kiganja juu ya ubao. Randa ilifika karibu na vidole vyake, ikasimama. Mwololo aliutazama ule mkono, akafuata kwa macho mpaka kwenye kiwiko, mpaka begani, akafika usoni. Alionekana kama mtu aliyeamshwa katika nyumba ya ugenini.

"Kanyiva! Umefika lini? Kengele imelia?"

"Imelia, imelala. Vaa koti."

Wakatembea mpaka wakapita maduka ya Westlands. Hapo Kanyiva ndipo alipofungua kinywa, na alipofungua hakukifunga. Alimtajia baba yake kwenye sementi. Alimtajia maembe. Alimwambia kwamba yeye Kanyiva anamfulia Mzungu na kumlelea watoto mchana kutwa, akirudi chumbani anakuta mtu mwingine wa kulea, tena mwenye ndevu.

Mwololo alisimama katikati ya njia. Yeye pia hasira zilikuwa zimemjaa, na hazikuwa za siku moja.

"Unafikiri mimi napenda? Nyumbani walisema nimerogwa. Shuleni mwalimu alinichapa, akasema mimi kiziwi wa kujitakia. Hapa mjini mnasema mimi mwongo. Haya, mwongo! Lakini niambie, mwongo anapata faida gani kwa kuunguliwa na maharagwe yake mwenyewe? Nikiushika ubao, ubao unanifungulia mlango. Nikiingia, mlango unafungwa nyuma yangu, na mimi sisikii hata ukifungwa. Nikitoka nakuta jua limezama na watu wote wamenikasirikia. Kila siku natoka ndani nakuta watu wamesimama mlangoni wamekasirika! Nimechoka, Kanyiva."

"Na mimi je?"

Wakaendelea kutembea.

Chumba chao kilikuwa nyuma ya nyumba kubwa ya Mzungu, katika safu ya vyumba vya watumishi. Chumba cha pili kilikuwa cha Were, mpishi, na mkewe Peres. Peres ndiye aliyebaki na mtoto, na alipowaona wote wawili wanaingia akapiga kigelegele.

"Umempata! Mama Kalekye, mfunge kamba!"

"Nitamfunga," alisema Kanyiva, wala hakucheka. Akamwingiza mumewe chumbani, akamketisha kitandani. "Wewe kaa hapa. Usiguse kitu. Mimi niko kwa Peres, naivisha chakula. Umesikia? Nijibu ukinitazama."

Mwololo alimtazama. "Nimesikia."

Na kweli alikuwa amesikia. Aliketi mikono magotini kama mtu anayengoja kupigwa picha, akitafuta kimoyomoyo maneno ya kuomba radhi. Tatizo ni kwamba mbele yake palikuwa na kiti. Kilikuwa kiti kimoja tu cha heshima katika chumba kile, na ndicho ambacho mkwe wake angekalia. Mguu mmoja wa nyuma ulikuwa umelegea. Akakisukuma kidogo kwa kidole. Kikayumba. Akamwona mzee Kivuva, mtu aliyelala kwenye sementi kwa ajili yake, anaketi na kiti kinamyumbisha mbele ya watu. Haiwezekani, alijiambia. Ni kuchomoa mguu, kutia gundi na kuurudisha. Kazi ndogo tu.

Akachukua mfuko wake wa vyombo, akabeba kiti, akaenda nyuma ya vyumba karibu na bomba, mahali penye kivuli.

Wazee walifika Kanyiva akiwa bado anaonja chumvi. Aliwakaribisha kwa Peres wanawe mikono, lakini mama yake, kama ilivyo desturi, hakuingia pamoja na wanaume. Wakamba wana ile heshima ya ukwe inayoitwa nthoni: mwanamume na mama wa mkewe hawakutani uso kwa uso, hawapeani kitu mkononi, na wakionana njiani mmoja huingia kichakani. Kwa hiyo Syokau alijifunika leso yake, akazunguka nyuma ya vyumba ili apite bombani aoshe miguu, aingie kwa Peres bila kuonekana na mkwe.

Kivuva na Makau waliingia chumbani kwa Mwololo. Wakatoka.

"Yuko wapi?" aliuliza Kivuva.

Kanyiva alichungulia chumbani. Kitanda kilikuwa kitupu. Kiti hakikuwapo.

"Yuko, Baba. Nilimleta mwenyewe."

"Sikuulizi nani alimleta. Nauliza yuko wapi." Mzee hakupaza sauti, na hilo ndilo lililokuwa baya. "Makau, umeona kwa macho yako. Kanyiva, funga mzigo."

Kanyiva aligeuka. Alikimbia nyuma ya vyumba, na alipopinda kona akasimama kama aliyegonga ukuta.

Mwololo alikuwa amechuchumaa, kichwa chini, kiti kimelazwa ubavu mbele yake na kopo la gundi kando. Na mguu wa kile kiti, ulioingizwa upya na gundi mbichi, alikuwa ameushika mama yake Kanyiva, Syokau. Aliushika kwa mikono miwili, leso imemshuka mabegani, uso ameugeuzia upande wa ua, macho ameyakaza kwa hofu.

"Umetikisa tena," alisema Mwololo bila kuinua kichwa. "Leo mikono yako ina nini? Kaza! Ukilegeza tumeharibu."

Syokau akakaza.

Peres alikuwa amesimama kwenye mlango wake wa nyuma, ameweka upande wa nguo kinywani, machozi ya kicheko yanamtiririka. "Nimeona yote," alinong'ona. "Alisikia miguu, akasema shika hapa. Akadhani ni wewe."

Mahali pengine, siku nyingine, Kanyiva naye angecheka. Siku hiyo alitamani ardhi imfungukie. Lakini kinywa chake hakikuita. Alikwenda, akaweka mkono juu ya mguu wa kiti, akausukuma mkono wa mama yake taratibu, na Syokau akajifunika leso akateleza ndani kwa Peres. Randa haikuwapo safari hii, lakini Mwololo aliuona mkono, akapanda nao mpaka usoni.

"Nilitaka kisimyumbishe," alisema. Kisha akauona uso wa mkewe. "Wamefika?"

"Beba kiti twende."

Chumbani, Kivuva alikuwa amesimama, kwa kuwa kiti hakikuwapo. Mwololo aliweka chini kiti na mfuko wa vyombo, akafungua kinywa aombe radhi, na mzee akamnyamazisha kwa mkono.

"Mara ya kwanza nilifungwa. Leo nimekuja mpaka mlangoni kwako, hukuweza kukaa hata nikaingia. Sina haja ya maneno yako. Kanyiva, mzigo."

"Kivuva!" Sauti ilitoka nje, nyuma ya ukuta wa mabati. Ilikuwa ya Syokau, aliyesimama mahali ambapo mkwe hawezi kumwona. "Kivuva, mwambie mkweo amevunja nthoni, ana deni la mbuzi. Amenishikisha mguu wa kiti."

Makau alianza kukohoa. Mwololo alijiziba uso kwa mikono yote miwili, akaketi chini sakafuni kama gunia lililokatwa kamba.

"Amefanya nini?" Kivuva alifoka, na sasa sauti yake ilisikika mpaka kwenye nyumba kubwa. "Mama mkwe wake? Na wewe ukashika?"

"Ningefanyaje? Alininyooshea mguu wa kiti kama anavyomnyooshea mtoto. Ningeuachia, ungeanguka, angeinua macho anione. Ikawa afadhali nishike. Nimeshika mpaka vidole vimekufa ganzi. Tena amenigombeza." Syokau alivuta pumzi. "Lakini nilimtazama, Kivuva. Sisi tuliketi Mitaboni tukasema huyu ana kiburi, anatuona watu wa shamba. Mtu wa kiburi anakuona, ndipo anageuka. Huyu hakuniona. Pua yake na leso yangu zilikuwa hapa na hapa, na hakuniona. Hakuwa pale."

"Kwa hiyo mimi nililala kwenye sementi kwa sababu yeye hakuwa pale?"

"Ndiyo!" alisema Kanyiva. Neno lilimtoka kama jiwe. "Ndiyo, Baba, hivyo hivyo! Nami sifungi mzigo."

Watu wote wakamgeukia. Mtoto alianza kulia kwa Peres, na kwa mara ya kwanza Kanyiva hakumkimbilia.

"Nimeitwa nirudi Machakos kama mbuzi aliyepotea, na hakuna aliyeniuliza. Mimi ndiye niliyeunguliwa na maharagwe, mimi ndiye niliyeita mpaka koo likakauka. Kama kuna mtu wa kukasirika hapa ni mimi, na nimekasirika kuliko ninyi nyote, tena sijamaliza. Lakini leo nimejua kitu ambacho hamkijui. Huyu haitwi. Kumwita ni kazi bure. Huyu anagusiwa ubao."

Akamgeukia Mwololo aliyekuwa bado sakafuni.

"Na wewe sikiliza, na unitazame. Siku uliyomwahidi mtu, hushiki chombo. Si randa, si nyundo, si msumari wa kuning'inizia kofia. Mfuko utalala kwa Peres mpaka ahadi iishe. Usiniambie kazi ndogo, kwa sababu kwako hakuna kazi ndogo. Kazini nitaongea na Shem, kengele ikilia aweke mkono. Na mbuzi wa mama yangu utampeleka Mitaboni wewe mwenyewe."

"Nitashikwa mkono kama kipofu?" Mwololo aliinuka, macho mekundu. "Mbele ya mafundi wote? Mimi fundi mkubwa pale, Kanyiva!"

"Ndiyo, fundi mkubwa. Utashikwa mkono."

"Watanicheka."

"Wanakucheka sasa. Shem anacheka mpaka analala kwenye maranda. Hujui, kwa sababu hukuwapo."

Hilo lilimpata. Kanyiva akaona anavyopigana na neno lile, anavyotaka kulitema. Kisha Mwololo akainama, akaokota mfuko wa vyombo, akatoka nao. Walimsikia akimwambia Peres kwa hasira, "Shika huu. Hata nikiuomba usinipe." Akarudi. Akasimama mbele ya mkwe wake, mikono mitupu.

"Mzee, barua ilikuwa mfukoni mwangu. Ulifungwa kwa sababu yangu. Naomba radhi."

Neno alilokuwa ametafuta pale kitandani lilikuwa refu zaidi, lakini lilikuwa limekwisha kupotea.

Kivuva alimtazama Makau. Makau alitazama dari, midomo imemkazana kwa kicheko alichokizuia. Nje ya ukuta Syokau alisema, "Awe mbuzi mkubwa."

"Awe jike," alisema Kivuva, "na aje naye kabla sijasahau kwamba nimesamehe. Akikosa kuja, Kanyiva, sitamtuma mtu. Nitakuja na lori."

"Uje nalo," alisema Kanyiva. "Sasa keti ule."

Mzee alivuta kiti. Gundi ilikuwa imeshika. Aliketi kwa uzito wake wote, akaegemea nyuma, akaegemea kushoto, akaegemea kulia, akitafuta mahali kitakapoyumba. Hakikuyumba. Akajaribu tena mguu ule wa nyuma, akiusukuma kwa kisigino, na kadiri alivyoikosa kasoro ndivyo uso wake ulivyozidi kukunjamana, mpaka Kanyiva alipomwekea sahani mbele yake.